Hizo Pauni Tatu ni za Nani?



Baada ya mazungumzo yetu ya wiki iliyopita juu ya bei za sare za shule, nilipigiwa simu na msikilizaji mmoja wa Mbagala. Sare hakuwa na habari nazo. Alitaka kujua jambo moja tu: hizi nguo za mitumba, je, si kweli kwamba Wazungu walizitoa bure ili tugawiwe sisi maskini, na wajanja wakazidaka njiani na kuzigeuza biashara? Akaongeza kwamba kwa sababu hiyo yeye akienda Tandika hupiga bei bila huruma, maana muuzaji anauza kitu alichokipata cha bure.

Nilimwahidi nitamjibu hapa redioni. Lakini jibu lenyewe, ndugu msikilizaji, linaanzia mbali kidogo, katika duka moja dogo la mji wa Reading, Uingereza, mwendo wa kilomita kama 60 magharibi ya London. Dada yangu ni muuguzi katika mji huo, na kila nikienda kumtembelea, Jumamosi asubuhi hatukosi kupita pale.

Waingereza wana aina ya duka ambalo sisi hatujalizoea. Tuliite duka la hisani. Kwa sura ni duka kama mengine: lina kioo mbele, lina kaunta, lina mashine ya kupokelea fedha, na nguo zimetundikwa kwa safu. Tofauti ni kwamba ndani ya duka hilo karibu kila kitu kimeletwa na mtu aliyekuwa nacho nyumbani na sasa amekichoka. Koti, sahani, kitabu, kinyago alichonunua Malindi akiwa likizoni. Anafika na mfuko, anaukabidhi, anaambiwa ahsante, anakwenda zake. Fedha zitakazopatikana ni za shirika lenye duka, nalo huzipeleka kwenye kazi yake: utafiti wa saratani, maradhi ya moyo, wazee wasio na mtu, watoto, hata paka na mbwa waliotupwa. Na nyingine huja huku kwetu wakati wa njaa.

Wala si jambo la jana. Shirika la Oxfam lilianzishwa mjini Oxford mwaka 1942, katikati ya vita, kwa ajili ya Wagiriki waliokuwa wakifa kwa njaa. Vita vilipokwisha likafungua duka katika mtaa wa Broad Street, na mwaka 1949 likamwajiri bwana mmoja, Joe Mitty, kulisimamia. Leo maduka ya hisani yamepita 10,000 nchini humo. Iko mitaa ambayo ukitoka duka la moyo unaingia la saratani, ukitoka hapo unaingia la paka.

Wazee wetu waliziita nguo kuukuu za ng'ambo kafa Ulaya, na vijana wakawacheka. Lakini hawakukosea sana. Katika duka hilo la Reading nimemwona mtu mzima, mvi kichwani, akileta mashati ya baba yake aliyezikwa wiki ile. Yalikuwa kumi na moja, yamepigwa pasi na kukunjwa. Aliyakabidhi kimya, kisha akarudi mlangoni na kusema kwamba lile la kijani lisikunjwe, litundikwe.

Sasa, watu wanaoingia humo wanafuata nini? Bei chee, ndugu yangu, hakuna siri. Na uwindaji huo una mabingwa wake. Dada yangu ni mmojawapo. Yeye hufika mapema, maana watu husafisha nyumba zao mwisho wa wiki na mali mpya hutoka siku chache baadaye. Anajua kwamba mtaa wa wenye nacho hutoa vitu vya wenye nacho, na kwamba baada ya Krismasi maduka hufurika zawadi ambazo mtu alizipokea kwa tabasamu na kuzitoa kwa siri. Sweta huinua mbele ya dirisha aone kama limeliwa na nondo. Zipu huifunga na kuifungua mara mbili. Kwapa hunusa, bila haya yoyote. Na akikuta sanduku la picha ya kupanga vipande, ile ya vipande elfu moja, husoma kwanza kikaratasi kilichobandikwa juu, kwa sababu pale wapo watu waliokwisha kukaa nyumbani kwao wakaipanga yote, ili waandike kwa uhakika: "Imekamilika," au, "Kinakosekana kimoja, mbinguni upande wa kushoto."

Mimi huenda kwenye vitabu. Ni humo nilimopata, kwa pauni mbili, kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Johnson, ile iliyotoka mwaka 1939, imekaa katikati ya vitabu vya mapishi. Mwenyewe wa zamani alikuwa ameandika kwa wino wa bluu pembeni mwa kurasa. Kwenye neno "shauri" ametia alama tatu za msalaba. Bila shaka alikuwa bwana shauri, na yalikuwa yamemchosha.

Pale kaunta Jumamosi huwa kuna bibi mmoja, mwalimu mstaafu, umri wake umepita miaka 70. Kwake kila mteja ni "mpenzi". Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Tanga, siku ya kwanza aliposikia, "Nikusaidie nini, mpenzi?" aligeuka kutazama nyuma, akihofia mume wa bibi yuko karibu.

Huyo mwenzetu ndiye aliyenifundisha duka la hisani ni kitu gani, ingawa hakukusudia. Siku hiyo alipata koti la sufu, zito, la kola pana. Kibandiko kinasema pauni 8. Kwa koti kama hilo dukani, likiwa jipya, ungetoa zaidi ya pauni 100. Akalikunjua, akalinusa, akatafuta tundu asilione, kisha akaanza ile kazi ambayo sote tunaijua, ya kuitia mali dosari. Akaliweka juu ya kaunta kama mtu anayeshika samaki wa jana.

"Bibi, hili la zamani sana. Na kifungo hiki kimelegea. Pauni tano."

Bibi akacheka. "Mpenzi," akasema, "hizo pauni tatu unazotaka nikupunguzie si zangu."

"Basi ni za nani? Niite nizungumze naye."

Bibi akaonyesha picha iliyobandikwa ukutani nyuma yake. Picha yenyewe ni ya kitanda, dirisha, na muuguzi ameketi kwenye kiti. Duka lile ni la nyumba inayouguza wagonjwa ambao hospitali imekwisha kuwaambia kwamba haina dawa tena. Mwenzetu alilipa pauni nane. Tulipotoka nje akaniambia kwamba ameshindwa katika biashara na Wahindi, Waarabu na Wachaga, lakini hajapata kushindwa na picha.

Nimelifikiria sana neno lile la bibi. Hebu tulipime pamoja. Katika duka la kawaida bei ina watu wengi ndani yake. Yumo aliyetengeneza mali, yumo aliyeisafirisha, yumo mwenye nyumba, yumo mtoza kodi, wamo wafanyakazi, na mwisho yumo mwenye duka na faida yake. Unapopigana bei na mwenye duka kule Kariakoo, mnagawana ile faida yake, yeye na wewe, na kila mmoja ana watoto nyumbani. Hapo hapana dhambi. Ni mazungumzo, na asiyeyaweza hurudi nyumbani amekunja uso.

Katika duka la hisani, watu hao karibu wote wamejitoa. Mwenye koti amesamehe bei yake. Bibi amesamehe mshahara wake, na kuna watu zaidi ya 100,000 nchini humo wanaofanya kazi katika maduka haya bila malipo. Hata serikali imesamehe: mali iliyotolewa bure haikatwi senti ya kodi ya ongezeko la thamani inapouzwa, na kwa ile kodi ya majengo ya biashara ambayo huwanyonga wenye maduka wa Uingereza, mashirika ya hisani huondolewa asilimia 80. Zaidi ya hayo, ikiwa aliyetoa koti ni mlipa kodi na ametia saini fomu, kwa kila pauni moja iliyopatikana shirika hudai peni 25 nyingine kutoka hazina. Ndiyo maana mifuko ya watu wengine hubandikwa namba. Miezi kadhaa baadaye mtu hupata barua kumjulisha kwamba vikorokoro vyake vimeingiza kiasi fulani.

Kwa hiyo koti halikuwa pauni 8 kwa sababu ni bovu. Lilikuwa pauni 8 kwa sababu watu watatu walikwisha kuondoa mikono yao kabla mwenzetu hajaufikisha wake. Kinachobaki, baada ya kulipia pango, umeme na mshahara wa meneja, ni cha mgonjwa peke yake. Ukikata, unakata hapo.

Usidhani, hata hivyo, kwamba mambo yote ni asali. Yako manung'uniko, tena ya haki. Siku hizi wapo wanaopita maduka haya na simu mkononi, wanapiga picha kila kitu, wananunua kwa pauni tatu na kukiuza kwa kumi na tano kabla hawajafika nyumbani. Maduka nayo yameerevuka, na meneja mwenye simu kama hiyo hiyo sasa hutafuta bei kabla hajaandika kibandiko. Matokeo yake ni kwamba mama wa mtaa ule, ambaye miaka yote amevisha wanawe kutoka pale, anakuta suruali ya mtoto iliyovaliwa inakaribia bei ya ile mpya ya viwandani. Anauliza: hivi hisani hii ni ya mgonjwa tu, au na mimi nimo? Kwa utaratibu wa mashirika, duka lipo ili lipate fedha za wagonjwa, na wasimamizi wake hawaruhusiwi kugawa mali ya wagonjwa kwa sababu roho zao ni laini. Mimi naona utaratibu huo ni sawa. Lakini naona pia kwamba duka likimsahau jirani yake litajikuta siku moja halina anayeleta mifuko.

Nilimwona bibi akilitatua hilo kwa njia yake. Msichana mmoja, mwenye mtoto mchanga katika kigari, alileta kaunta jozi ya viatu vya shule vya mwanawe mwingine. Bei pauni 4. Akahesabu sarafu, akarudia kuhesabu, akasema samahani atarudi kesho. Bibi akamwambia, "Ngoja kidogo, mpenzi, viatu vya namba hii leo vina punguzo," akampa mfuko na kupokea pauni mbili na peni kadhaa. Msichana akaondoka. Mlango ulipofungwa, bibi akauchukua mkoba wake chini ya kaunta, akatoa pochi, akatia zilizopungua katika mashine, akabonyeza, risiti ikatoka. Aliponiona ninamtazama alisema hesabu ya jioni haina budi kulingana.

Nikitoka hapo nataka niseme neno juu ya Watanzania wenzangu walioko kule. Wapo ambao, ili wasionekane wakiingia duka la hisani, huzunguka kwa mtaa wa nyuma. Wanaona haya. Wanadhani kuingia mle ni kuomba. Ajabu ni kwamba madaktari na maprofesa wenyeji wa pale huingia mchana kweupe na kutoka wakijisifu, "Nimelipata kwa pauni sita!" Hao wenzetu wenye haya, koti hilo hilo likifika Dar es Salaam ndani ya sanduku lao, linakuwa zawadi kutoka London. Sina ugomvi nao. Ila mtu aliyeweka pauni nane juu ya kaunta amenunua, hakuomba. Kama kuna aliyesaidiwa siku hiyo, ni yule wa kwenye picha.

Kwetu nguo iliyochosha ina njia nyingine. Hupewa mdogo, kisha mdogo wa mdogo, kisha binamu wa kijijini, na mwisho huwa tambara la kudekia. Au hupita mtu na mabeseni begani, ukampa suruali mbili akakupa beseni moja. Tumezoea kumpa mtu tunayemjua, au kubadilishana na mtu tunayemwona. Kumpa mtu usiyemjua, kwa kupitia kwa duka, kwa faida ya mgonjwa ambaye hutamwona, hilo ndilo geni kwetu.

Basi, tumrudie msikilizaji wetu wa Mbagala. Kila nguo inayofaa ikiingia dukani hupigwa mvuke, hutundikwa, na kutiwa kibandiko kinachoonyesha wiki iliyotoka. Wiki mbili tatu zikipita pasipo mnunuzi, hushushwa bei, au hupelekwa duka jingine la shirika lile lile. Ikishindikana, hutupwa katika gunia chumba cha nyuma pamoja na zile ambazo hazikufaa tangu mwanzo. Halafu huja lori la mfanyabiashara wa nguo kuukuu. Huyo hatazami kola wala zipu. Anatazama mizani, na hulipa peni kwa kilo.

Kuanzia hapo, ndugu msikilizaji, hakuna tena anayesamehe kitu. Mfanyabiashara ana wafanyakazi wa kuchambua, nao wanataka mishahara. Zilizochakaa hukatwa kuwa matambara ya kufutia mashine, nyingine husagwa. Zinazovalika hupangwa kwa aina, zikashindiliwa kuwa mabelo, na huku kwetu belo la kawaida ni kilo 45. Mengine huuzwa Poland, mengine Pakistan au Falme za Kiarabu yachambuliwe tena, mengine Ghana, Kenya na kwetu. Meli inataka nauli. Bima inataka chake. Bandari na ushuru wa forodha vinataka vyao. Mwagizaji anaweka faida, mwenye ghala anaweka faida. Na si mabelo yote yametoka Uingereza. Tunayo ya Marekani, ya Kanada, ya China, na mengine yalianza safari kwa njia tofauti na hii. Lakini mwisho wa njia zote ni mmoja: yuko mama Tandika, amekopa kwenye kikundi, amenunua belo ambalo haruhusiwi kulifungua mpaka amelipa.

Hapo ndipo pana kamari. Akilikata akakuta mashati safi, watoto watakwenda shule. Akikuta suruali tupu za watu wa kiuno cha inchi 44, ndiyo basi. Hawezi kumrudishia yeyote.

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu wa Mbagala ni hili: ndiyo, kuna Mzungu aliyetoa shati bure. Lakini hakukupa wewe, wala hakumpa mama wa Tandika. Alimpa mgonjwa wa Reading, na mgonjwa alikwisha kupata chake. Tangu lilipopimwa kwenye mizani, shati hilo limenunuliwa na kuuzwa mara nne au tano, na aliyelipa bei kubwa kuliko wote, tena bila kuona anachonunua, ni yule unayempigia bei bila huruma. Mambo ya viwanda vyetu vya nguo na mitumba, hayo ni mazungumzo ya siku nyingine, na dakika zangu zinakwisha.

Juzi nilikuwa Tandika nikitafuta shati la kazini. Mama mmoja alikuwa amefungua belo tangu alfajiri, na wachuuzi walikwisha kuchagua yale mazuri na kuondoka nayo. Mbele yangu kijana ameshika shati la mistari ya bluu. Mama anataka elfu sita, kijana anasema elfu tatu, tena kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Nikaona ndani ya mshono, karibu na lebo ya maelezo ya kufulia, kijikaratasi kilichobanwa kwa uzi wa plastiki, kimeandikwa £3.50. Nilikijua mara moja.

"Kaka," mama akaniuliza, "hiyo namba ni ya nini, saizi?"

Nikamweleza kwamba ni bei, ile waliyotaka kuliuzia huko lilikotoka, likakosa mnunuzi.

"Kwa hela yetu?"

Nikamwambia inapita elfu kumi.

Mama akalitwaa shati mikononi mwa kijana, akaligeuza mbele na nyuma, akalikung'uta, akalitundika kwenye msumari wa juu kabisa. Kijana akanigeukia.

"Mzee," akasema, "si ungesema tu ni saizi?"